Bega moja, risiti kumi na moja: hospitali niliyokwenda na viungo vyangu

Nianze na nyota, maana najua wengi mnaangalia hizo kisha mnaondoka. Chumba cha dharura: mbili. Dirisha la keshia: moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya feni. Daktari wa magonjwa ya ndani: nne. Chumba cha mazoezi ya viungo kule nyuma, jirani na jenereta: tano, na kama kungekuwa na ya sita ningewapa. Jina la hospitali silitaji. Ni ya binafsi, iko Kampala, na bado nina miadi huko mwezi ujao.

Mimi ni mtu wa Bombo, Mnubi, miaka 41, kazi yangu kusuka kawa na makapu. Vidole ndivyo vinanilisha, na tangu utotoni vidole hivyo hupinda kwenda upande usio wao. Madrasa nilikuwa nawatisha wenzangu kwa kulaza kidole gumba mpaka kinagusa mkono. Bibi alikuwa akisema nimezaliwa mifupa ikiwa bado haijaiva. Kwenye ngoma za harusi nilishuka chini kuliko wasichana wote wa mtaa, na nilikuwa najisifu kwa hilo, sitadanganya. Shida ilianza baada ya mtoto wa pili. Natandika kitanda, bega la kulia limetoka. Nageuka usingizini, limetoka. Nalirudisha mwenyewe, nameza panadoli, nachota maji kwa mkono wa kushoto.

Siku iliyonipeleka hospitali nilikuwa kwenye boda, napeleka kawa sita kwa mteja wa Wandegeya. Pale Kawempe kijana akapanda tuta bila kupunguza mwendo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika chuma cha nyuma ya kiti. Boda ikaruka, mimi nikaruka, bega likaamua kubaki.

Mapokezi kulikuwa na binti anayejua Luganda na Kiingereza. Luganda yangu ni ya sokoni: inatosha kupunguza bei ya nyanya, haitoshi kueleza bega. Na Kiswahili Kampala mnakijua wenyewe. Mtu akikisikia anadhani umekuja kumkamata, maana wazee bado wanakumbuka Kiswahili kilichokuja na mtutu wa bunduki. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi, lakini habari hiyo ilikuwa haijafika kwenye ile meza. Akaitwa askari wa getini, mzee aliyestaafu jeshini, atafsiri. Nikamwambia, "Mzee, bega limeteguka." Yeye akawaambia limevunjika. Ndiyo siku pekee ambayo sikupanga foleni: kiti cha magurudumu, moja kwa moja eksirei.

Sasa hapa nisimulie polepole. Kabla ya kuingia eksirei, muuguzi alitaka kunipima presha. Hakuuliza mkono upi. Akaushika huo huo wa kulia, akaunyoosha kama mtu anayekung'uta shuka, na mimi nikapiga kelele ambayo sidhani kama kuna mgonjwa wa jengo lile hakuisikia. Katikati ya kuvutwa, ko! Bega likarudi mahali pake. Kwa hiyo nilipolala chini ya mashine, mfupa ulikuwa umeshakaa kitako kama mtoto mwenye adabu. Daktari kijana akaja na picha, akaielekeza kwenye taa, akasema, "Picha safi, mama. Huna kitu."

Huna kitu! Na jasho lote lile. Eksirei inaonyesha mfupa ulipo dakika inapopigwa. Haionyeshi ulikuwa wapi robo saa kabla. Nikamwambia si mara ya kwanza, nikamwonyesha na kidole gumba kinavyolala. Akacheka, akasema Waafrika wengi tuna viungo laini, si ugonjwa. Nikalipa daktari shilingi 50,000 za Uganda, eksirei 60,000, na kitambaa cha kuning'inizia mkono 15,000. Kitambaa kiliandikwa mara mbili kwenye hesabu. Mtakisikia tena.

Miezi mitano iliyofuata nilirudi mara tatu. Goti. Kifundo cha mguu. Kizunguzungu. Kila mara daktari mwingine, na kila mmoja alikuwa mtu mzuri kwa kipande chake. Wa goti hakujua habari za bega. Wa kizunguzungu alinipima malaria, sina, akanipima taifodi, akasema ipo kidogo, akaniandikia sipro (ciprofloxacin, antibiotiki). Siku ya nne ya sipro kano ya kisigino ikaanza kuuma hata nikiwa nimekaa, nikaiacha mwenyewe. Faili langu lilikuwa moja na lilikuwa nene, ila kila aliyelifungua alianza ukurasa mpya bila kugeuza wa nyuma.

Na kizunguzungu chenyewe kilinishika wapi? Kwenye foleni ya keshia. Hospitali ile unalipa kwanza kwa kila kitu: unalipa kumwona daktari, unarudi kulipia maabara, unarudi kulipia dawa. Dirisha ni moja, foleni ni ya kusimama, na ukikaa kwenye kiti cha ukutani mtu anakuambia umetoka kwenye mstari. Dakika ya ishirini macho yakaanza kuingia giza, moyo ukawa unapiga kama ngoma ya harusi. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika kiuno na kunikalisha sakafuni. Keshia alichungulia kupitia kioo, akaita namba inayofuata.

Nimefika kwa daktari wa ndani kwa bahati, maana wa kawaida alikuwa likizo. Ni mama wa makamo, Kiswahili chake cha magharibi mwa Uganda kimechanganyika na Kinyankole, lakini tulisikilizana. Nimemnyima nyota moja kwa sababu miadi yake ya saa tatu asubuhi maana yake ni saa saba mchana. Ila alipoanza kazi aliweka faili pembeni na kushika kiganja changu. Kuna kovu hapo: mwaka juzi nilijikata na kisu, nikashonwa, nyuzi zikatolewa siku ya saba, siku ya nane kidonda kikafunguka chenyewe. Kovu lake ni pana na ngozi yake nyepesi, limekunjamana kama ngozi ya kitunguu. Alilitazama muda mrefu. Akauliza, "Ukitolewa jino, ganzi inakushika?" Nikashangaa amejuaje. Haishiki. Daktari wa meno aliwahi kunidunga mara tatu na bado nikalia.

Basi akanipima pale pale, bila mashine yoyote. Kidole kidogo kirudi nyuma kupita pembe mraba: alama moja kila mkono. Kidole gumba kigusane na mkono, kati ya kiganja na kiwiko: moja kila upande. Kiwiko kinyooke kupita mstari: moja, moja. Goti vivyo hivyo. Mwisho uiname, viganja vyote viguse sakafu bila kukunja magoti: alama moja. Jumla tisa. Mtu mzima ambaye hajavuka miaka 50 akipata tano na zaidi anahesabiwa kuwa na viungo vinavyolegea mwili mzima. Mimi nilipata saba, magoti ndiyo yaliyoninyima. Nilipoinama na hijabu yangu kuweka viganja chini, muuguzi wake aliyekuwa mlangoni alisema "Bambi!", yaani maskini kwa Luganda, kama mtu aliyeona ajali.

Nikamwambia yule kijana wa dharura alisema ni kawaida yetu Waafrika. Akacheka kidogo. Akasema kipimo hicho kinaitwa cha Beighton, na Beighton mwenyewe alikuwa profesa wa Cape Town. Mwaka 1973 yeye na wenzake walitoa utafiti waliopima viungo vya Watswana wa kijijini huko Afrika Kusini. Kwa hiyo kipimo chenyewe kimepikwa huku huku kwetu. Ni kweli, akasema, wengi wana viungo laini na hawaumwi chochote, hasa watoto na wanawake; hao waachwe wacheze ngoma zao. Swali ni kama viungo vinatoka, vinauma, ngozi haishiki uzi, na mambo mengine yanafuatana nayo. Hapo si ulaini tena.

Alinieleza kuhusu kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, kano, mishipa ya damu, hata utumbo. Mimi nilielewa kwa ukindu. Ukindu ukilowekwa kupita kiasi unasuka vizuri sana, unapinda utakavyo, lakini kapu likikauka linalegea kila upande, na huwezi kuonyesha ni uzi gani ulioharibika. Nikamwambia hivyo. Akaandika kwenye daftari lake, sijui kama ni dawa au ni ukindu.

Hakuniandikia jina kubwa, na ninamheshimu kwa hilo. Jina kubwa ni Ehlers-Danlos, madaktari wawili wa ngozi wa zamani, mmoja wa Denmark na mwingine wa Ufaransa. Mwaka 2017 wataalamu walipanga aina 13 za ugonjwa huo, na aina ya viungo kulegea, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, ndiyo ambayo jeni yake haijapatikana. Hakuna damu ya kupima ikathibitisha. Inajulikana kwa mikono ya daktari na masimulizi ya mgonjwa, na masharti yake ni makali. Mimi nimepungukiwa sharti moja, kwa hiyo nimeandikiwa jina la jirani yake: viungo vilivyolegea vyenye madhara. Matibabu ni yale yale. Ila mkiuziwa mahali kipimo cha damu cha kuthibitisha aina hiyo ya viungo, shikeni pochi zenu.

Magonjwa yaliyomtia wasiwasi ni mengine: aina ile ya Ehlers-Danlos inayolegeza kuta za mishipa ya damu, na ugonjwa wa Marfan, wa watu warefu wenye mikono mirefu, ambao mshipa mkuu unaotoka moyoni unaweza kutanuka mpaka kupasuka. Aliniuliza nani katika ukoo wetu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Akaangalia kama mishipa inaonekana chini ya ngozi ya kifua. Akanituma eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, 180,000, iliyoniuma mfukoni kuliko bega, lakini ikatoka nzuri. Alisema ingetoka vibaya angenipeleka Taasisi ya Moyo pale Mulago, na pesa hiyo hapo ingekuwa ndogo.

Halafu akaona sipro kwenye faili. Ndiye wa kwanza kugeuza ukurasa wa nyuma. Uso ulimbadilika. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano, na Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba wenye hatari ya kupasuka mshipa mkuu, wakitajwa wa Marfan na wa Ehlers-Danlos, wasipewe ila pale ambapo hakuna dawa nyingine. Na sisi hapa sipro tunainunua dukani kama peremende! Kaandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili. Kama mna viungo kama vyangu, semeni kabla dawa haijaandikwa. Hakuna atakayewauliza.

Kizunguzungu alikipima kwa saa ya mkononi. Nikalala, mapigo 76. Nikasimama dakika kumi, muuguzi akihesabu kila mara: 112. Mtu mzima akipanda 30 na zaidi kwa kusimama tu, na presha haijashuka, kuna jambo. Sikuhitaji dawa ya taifodi. Nilihitaji maji mengi, chumvi zaidi kidogo kwa kuwa presha yangu iko chini, soksi za kubana, na kiti pale kwa keshia.

Sasa chumba cha nyuma, alikonituma yule mama. Ukitoka maabara unapita jenereta, unapita mahali wanapoanika mashuka, unakuta mlango wa bati wenye pazia. Ndani kuna vitanda viwili, kioo kimoja kirefu kilichopasuka pembeni, mpira wa miguu, na kamba za mpira za rangi. Kijana wa fiziotherapia hata miaka thelathini sidhani kama amefika. Ananiita Hajati. Sijafika Makka, lakini Kampala kila mwanamke mwenye hijabu ni Hajati, nimeacha kubisha.

Kitu cha kwanza alichosema ni "Naomba nikushike bega." Akasubiri nijibu. Miezi mitano katika hospitali hiyo na ndiye mtu wa kwanza kuomba. Akaweka kiganja chini ya kiwiko kabla ya kuinua mkono, ili uzito usining'inie kwenye kano. Kitu kidogo hicho. Siku hiyo nilitoka pale bila maumivu mapya, na kwangu hilo lilikuwa jambo geni.

Nilidhani ataninyoosha. Wote wa nyuma walininyoosha: vuta, shikilia, vuta tena. Yeye alikataa kabisa. "Hajati, wewe umeshanyooka vya kutosha, tunataka kukaza." Mazoezi yake yanachekesha kwa udogo. Unasimama karibu na ukuta, unausukuma kwa ngumi bila mkono kusogea, unahesabu mpaka kumi. Unaweka mpira ukutani, unauzungusha kwa kiganja taratibu kama unapangusa sahani. Unasimama mguu mmoja mbele ya kioo, unaangalia kama goti linaingia ndani. Kioo ni cha lazima, maana watu wa namna yetu hatujui vizuri kiungo kiko wapi mpaka tukione. Hilo nilibisha, mpaka aliponifumba macho na kuniambia ninyooshe mkono sawasawa na bega. Nilipofumbua, mkono ulikuwa chini kwa upana wa kiganja.

Wiki ya tatu akaniambia nije na kawa. Nikadhani anataka kununua. La, alitaka nisuke mbele yake. Nikakaa kitandani na ukindu wangu, yeye akavuta kiti, akatazama robo saa nzima bila kusema neno. Mlangoni wagonjwa wengine walikuwa wanachungulia. Kisha akaniambia acha kwanza, tazama kidole gumba. Kila nilipochoma sindano, gumba lilikuwa linakunjika nyuma kama bawaba iliyolegea, na mimi, miaka ishirini na tano ya kusuka, sikuwahi kuliona. Akatoka. Akarudi na kipande cha tyubu ya baiskeli, amekitoa wapi sijui, nadhani kwa fundi wa nje ya geti. Akakata ukanda, akauzungusha kwenye shina la sindano mpaka ukawa mnene kama gunzi dogo, akafunga kwa uzi. "Shika hivi, gumba lisifike nyuma." Pia kila dakika ishirini niweke chini, nisukume meza kwa viganja, niendelee.

Sindano hiyo ninayo mpaka leo. Nimewatengenezea wasukaji wengine watatu, wawili wao viungo vyao ni vizima, wamependa tu.

Bega limetoka mara mbili tangu hapo, kwa miezi tisa. Zamani hiyo ilikuwa hesabu ya wiki. Haliishi, kijana aliniambia wazi siku ya kwanza, na nikiacha mazoezi mwezi mmoja linarudi kule kule. Mwezi wa Ramadhani niliacha. Kweli lilirudi.

Bei yake: 40,000 kwa kipindi, na baada ya vipindi sita alinipa mazoezi ya nyumbani na kuniambia nirudi kila baada ya miezi miwili tu, nisiwape pesa bure. Jumla ya vipindi vyote sita ilikuwa ndogo kuliko gharama za ile siku moja ya dharura na eko pamoja. Lakini hakuna kibao kinachoonyesha chumba hicho kilipo. Hakuna daktari aliyenituma kwake kabla ya yule mama. Nimewauliza mapokezi, binti akasema, "Kule nyuma? Kule ni kwa watu wa stroku," yaani kiharusi. Kwa mwenye mtoto wa namna hii, yule kijana mwenyewe huelekeza watu hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, ambako upasuaji wa viungo na mazoezi ya watoto ndiyo kazi yao. Mpwa wangu wa miaka saba anapinda kuliko mimi. Dada yangu nimemwambia asikimbilie, kwa mtoto hata alama tano si kitu, aangalie kama anaumia.

Muuguzi wa presha tulikutana tena mwezi uliopita. Faili lina wino mwekundu juu, akasoma, akanitazama, akauliza mkono upi. Nikampa wa kushoto. Ningempandishia dharura iwe nyota tatu kwa hilo, lakini nilipotoka nilipitia kwa keshia na risiti zangu kumi na moja, nikamwonyesha kitambaa kimoja kilichoandikwa mara mbili. Akaniambia nipange foleni. Viti bado havihesabiwi kuwa foleni. Nikaondoka, na 15,000 yangu bado ninaidai.